Leseni ya Duka la Dawa: Maneno kwa Watu wa Meru na Embu

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya machifu, wenye maduka na wananchi wengine wa Meru na Embu. Yamepigwa chapa hapa ili wale wasiopata kuyasikia wayasome.)



Nimeombwa niwaeleze sheria ya maduka ya dawa, yale ambayo watu wetu huyaita kemisti. Mimi si mganga wala mwuza dawa. Kazi yangu ni kufasiri maneno ya Serikali ili yaeleweke na mtu yeyote ajuaye Kiswahili. Kwa hiyo nitaanza na neno moja ambalo lasumbua sana katika kufasiri, kwa kuwa neno hilo ndilo mlango wa jambo lote.

Sheria yenyewe ni Sura ya 244 katika Sheria za Kenya. Ilianza kutumika mwaka 1957, na ijapokuwa imerekebishwa mara nyingi tangu siku zile, jina lake ni lile lile: Sheria ya Famasia na Sumu. Bodi inayoisimamia nayo yaitwa Bodi ya Famasia na Sumu. Watu wakilisikia jina hilo, wengine hucheka na wengine hushtuka. Husema, "Sisi twaenda kutafuta dawa ya kifua, sumu imeingiaje hapo?" Wako walioniuliza kama halipatikani neno la upole zaidi. Nawajibu kwamba halipatikani, na hata kama lingepatikana nisingelitumia, maana sheria ilichagua neno hilo kwa makusudi. Imeweka orodha ya vitu viitwavyo sumu, na katika orodha hiyo zimo dawa ambazo madaktari huziandika kila siku. Imo insulini wanayojidunga wagonjwa wa kisukari. Zimo dawa za usingizi. Kipimo cha haki huponya. Kipimo kilichozidi humlaza mtu asiamke.

Kiswahili chenyewe chajua jambo hili. Twasema dawa ya kikohozi, dawa ya kupe, dawa ya kahawa, na dawa ya panya. Neno ni moja. Mwenye kuuza "dawa" aweza kuwa amekuuzia uzima au mauti, na kwa kuitazama tu chupa huwezi kujua. Basi hiyo ndiyo sababu ya sheria kutaka kumjua mwuzaji.

Sasa nieleze yanayotakiwa. Kwanza, mtu. Duka la dawa lazima liwe chini ya usimamizi wa mtaalamu aliyeandikwa na Bodi: ama mfamasia mwenye shahada ya chuo kikuu, ama mteknolojia wa dawa mwenye diploma, kama wale wanaofundishwa katika Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya. Pili, nyumba. Hata kama mtu ana elimu, hawezi kuuza dawa katika chumba chochote apendacho. Jengo lenyewe husajiliwa, na usajili huo hufanywa upya kila mwaka. Cheti cha mwaka uliopita ukutani ni karatasi tu.

Katika habari ya nyumba watu hunung'unika, wakisema kwamba wakaguzi hutafuta sababu za kuwaonea. Yafaa wafikiri kidogo. Sisi tuna nchi ya baridi kama Kibirichia na Timau, na tuna nchi ya joto kama Ishiara na Kiritiri, na mwendo kati ya hizo mbili si wa siku nyingi. Dawa iliyokaa salama kule juu yaweza kuharibika kule chini chini ya bati lisilo na dari. Iko dawa iitwayo oksitosini, ambayo mama aliyejifungua hudungwa ili damu isimtoke kupita kiasi. Hiyo hutunzwa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Ikipata joto kwa muda mrefu nguvu yake hupungua, lakini rangi haibadiliki wala harufu. Mkunga huivuta katika sindano, huidunga, na damu haikomi. Kwa hiyo mkaguzi akiuliza, "Jokofu li wapi, na umeme ukikatika wafanyaje?" hajaja kukuonea.

Tatu ni kitabu, na hapa naomba mnisikilize zaidi, maana watu wengi huona kitabu ni jambo la karani. Sheria yataka sumu zilizo kali ziandikwe katika kitabu: tarehe, jina la mnunuzi, jina la dawa na kiasi chake, tena mnunuzi atie sahihi. Cheti cha daktari nacho chapasa kuwa na tarehe, jina la mgonjwa na sahihi ya aliyekiandika. Dawa zenyewe zatakiwa zinunuliwe kwa mwenye duka la jumla aliye na leseni yake, na ankara za ununuzi zitunzwe. Kila boksi lina namba ya toleo iliyopigwa chapa kiwandani. Mambo haya yote yaonekana kama usumbufu, mpaka siku dawa mbaya itakapoingia nchini.

Siku kama hiyo imekwisha kuzifikia nchi nyingine. Mwaka 1937 huko Marekani kiwanda kimoja kilitengeneza dawa ya maji kwa kuyeyusha unga wa sulfanilamidi katika kemikali iitwayo daiethilini glaikoli. Ladha ilikuwa tamu na harufu nzuri. Kemikali ile huua figo, na hakuna aliyeijaribu kwanza. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwemo watoto. Wakaguzi wa Serikali wakatawanywa nchi nzima kuzifuata chupa, na mahali walipofanikiwa upesi ni pale wauzaji walipokuwa wameandika waliyemwuzia. Mahali pasipoandikwa kitu, walilazimika kutafuta kwa kuuliza nyumba hata nyumba. Mwaka uliofuata, 1938, Marekani ilitunga sheria mpya ya dawa.

Msidhani kwamba hayo ni mambo ya kale. Mwaka 2022 watoto wapatao 70 walikufa Gambia, figo zao zimeshindwa kufanya kazi. Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya dawa nne za maji za kikohozi na mafua zilizotengenezwa India, kwa kuwa zilikutwa na kemikali ya aina ile ile. Watu wa Msalaba Mwekundu wakaenda nyumba kwa nyumba kukusanya chupa. Fikirini miaka iliyopita kati ya 1937 na 2022, na bado chupa zikafuatwa kwa miguu.

Tena mwezi wa Aprili 2024 jambo lilifika kwetu. Serikali ya Nigeria ilitangaza kwamba maabara yake imekuta kemikali hiyo katika toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto iliyotengenezwa Afrika Kusini. Wenye kiwanda walisema kwamba katika vipimo vyao hawakuiona. Mimi siwezi kuamua kati yao. Bodi yetu haikungoja mabishano yaishe. Iliagiza chupa za toleo lile ziondolewe madukani na kurudishwa, na nchi nyingine za Afrika zikafanya hivyo pia.

Sasa niwaulize. Agizo kama hilo likitoka Nairobi asubuhi, lafikaje Siakago? Lamfikia mwenye duka la jumla, naye afungua kitabu chake na kuona kwamba alipeleka maboksi kadha wa kadha kwa kemisti fulani wa Siakago, na maboksi mengine kwa fulani wa Runyenjes. Apiga simu. Mwenye duka atazama rafu yake, asoma namba ya toleo, aziondoa chupa. Ikiwa ni dawa ya kuandikiwa, aweza hata kumtafuta mama aliyeinunua. Hiyo ni njia yenye nyayo. Lakini yule mtu anayepita sokoni Maua au Nkubu na mkoba begani, akiuza vidonge kwa kuhesabu mkononi, atapigiwa simu na nani? Jina lake halimo katika kitabu chochote. Vidonge vyake havina boksi, basi havina namba ya toleo. Kesho yuko soko jingine. Dawa yake yaweza kuwa nzuri, sisemi kwamba kila chake ni kibaya. Ila ikiwa mbaya, hakuna njia ya kuifuata.

Kwangu mimi hiyo ndiyo maana ya leseni. Wengi huidhani kuwa ni kodi yenye jina jingine, au sifa ya kumpa mwenye duka heshima. Mwenye kuitundika ukutani amekubali kwamba anaweza kupatikana, basi.

Kuna hatari nyingine isiyoua kwa siku moja, nayo ni dawa za kuua vijidudu, ambazo watu huziita antibiotiki. Sheria yataka zitolewe kwa cheti cha daktari, lakini sote twajua yanayotendeka. Mtu aingia dukani na shilingi alizo nazo, aomba "zile za rangi mbili," na mwuzaji amhesabia nne kwa kuwa fedha zatosha nne. Kesho kutwa apata nafuu kidogo, na asahau.

Ninyi mnaofuga ng'ombe hamhitaji kufundishwa jambo hili. Mwajua josho ambalo dawa yake imetiwa maji kupita kiasi. Ng'ombe hupita, kupe walio dhaifu hufa, wale wenye nguvu husalia na kuzaana, na baada ya misimu michache hata dawa iliyochanganywa vizuri haiwatishi tena. Vijidudu vya nimonia na vya kidonda hufanya vivyo hivyo ndani ya mwili wa mtu. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alionya habari hii mwaka 1945 alipopewa Tuzo ya Nobel: kwamba siku yaja ambapo mtu yeyote ataweza kuinunua dukani, na asiyejua atajipa kipimo kidogo na kuvifundisha vijidudu kuishinda. Malaria nayo ilitupa somo. Klorokwini ilikuwa dawa ya kila nyumba, ikauzwa kila mahali, mpaka vimelea vikaizoea. Kenya ikaiacha mwaka 1998 kwa dawa nyingine, nayo hiyo nyingine ikaachwa kwa mchanganyiko wa artemisinini uliochaguliwa mwaka 2004.

Hapa nataka kuwa mkweli kwenu, maana wako watakaosema kwamba haya ni maneno ya mjini.

Sheria ilipoanza mwaka 1957, wilaya za Meru na Embu zilikuwa katika Jimbo la Kati, tena katika miaka ya Hali ya Hatari. Nani aliyekuwa na duka la mfamasia huku? Watu walipata dawa katika hospitali za misheni, kama Chogoria iliyoanzishwa na Misheni ya Kanisa la Skoti mwaka 1922, ambayo leo imo katika Kaunti ya Tharaka-Nithi, au ile ya Wamethodisti kule Maua, au katika dispensari. Chuo Kikuu cha Nairobi hakikuanza kufundisha shahada ya famasia mpaka mwaka 1974. Maana yake ni kwamba kwa miaka 17 sheria ilidai wataalamu ambao nchi haikuwa na mahali pa kuwafundishia shahada hiyo. Leo wako wengi zaidi, lakini wengi wao hupenda kukaa mjini, nami siwalaumu, kwa kuwa ndiko waliko wanunuzi. Tembeeni Makutano pale Meru, au barabara kuu ya mji wa Embu: maduka ya dawa yamepangana kama meno. Kisha shukeni kuelekea Tharaka au Mbeere, mhesabu mlivyohesabu.

Mama aliye na mtoto mwenye homa usiku, kilomita nyingi kutoka duka lenye leseni, atakwenda kwa aliye karibu. Mkaguzi akilifunga duka lile lisilo na leseni na kuondoka zake, amemwondolea mama yule hatari, tena amemwondolea na msaada. Yote mawili ni kweli. Wenye kusema kwamba kufunga peke yake kwatosha hawajalala huko.

Jirani zetu wa Tanzania walilitazama jambo hili kwa njia yao. Vijijini walikuwa na maduka ya dawa baridi, yaliyoruhusiwa kuuza dawa nyepesi tu, lakini mengi yaliuza hata zisizoruhusiwa. Mwaka 2003 walianza katika Mkoa wa Ruvuma mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu. Wauzaji walipewa mafunzo na kufanyiwa mtihani, majengo yakakaguliwa, na orodha fupi ya dawa za lazima ikaruhusiwa, zikiwemo antibiotiki chache. Mpango ukaenea nchi nzima. Uganda nao hutoa leseni kwa maduka madogo ya dawa, yakiwa na mipaka yake. Kwetu Kenya mlango ni mmoja: mfamasia au mteknolojia. Dawa chache za maumivu zaweza kuuzwa hata katika duka la sukari na chumvi, lakini kati ya duka hilo na kemisti kamili hakuna ngazi. Kwa maoni yangu ngazi hiyo yafaa kufikiriwa, hasa kwa nchi za chini. Lakini kazi ya kutunga sheria ni ya Bunge, na mpaka itakapobadilishwa, iliyopo ndiyo sheria.

Upungufu huo umezaa ujanja mmoja ambao sina budi kuutaja. Mtaalamu aliyesajiliwa hukodisha jina lake. Hupewa fedha kila mwezi, cheti chake hutundikwa katika duka la mtu mwingine, na mwenyewe yuko Nairobi au Thika akifanya kazi nyingine. Nyuma ya meza amesimama kijana aliyemaliza shule juzi, ambaye ajua bei za dawa lakini hajui kazi zake. Ukutani kila kitu ni sawa. Ujanja huu naona ni mbaya kuliko wa yule mwenye mkoba, kwa sababu mnunuzi wa mkoba ajua kwamba anabahatisha, lakini huyu ameonyeshwa cheti akatulia. Vijana wanaosimama nyuma ya meza hizo nawahurumia. Hosea atumwa dawa, Hosea atoa dawa, na mtoto akifa Hosea ndiye atakayekutwa dukani. (Jina hilo nimelitunga, msimtafute Hosea yeyote.)

Kwa hiyo mkiingia dukani, msiridhike na kuona karatasi. Somelea mwaka. Soma jina. Kisha uliza kwa adabu, "Mwenye cheti hiki yupo?" Sheria yataka cheti kiwekwe mahali pa kuonekana, maana yake kimewekwa ili kionwe na wewe. Maduka yaliyosajiliwa hupewa na Bodi alama yenye namba, ambayo mtu aweza kuihakikisha kwa simu yake ya mkononi. Mwenye duka mwema hatakasirika ukifanya hivyo.

Jambo jingine lawatatiza wenye maduka wengi, nao hulieleza kwa uchungu mkaguzi anapokuja. Husema, "Mimi nimelipa kaunti, hii hapa risiti." Ni kweli amelipa. Kibali cha biashara cha kaunti chamruhusu mtu kufanya biashara katika jengo lile, kama vile kinyozi au mwuza nguo anavyoruhusiwa. Hakimpi ruhusa ya kuuza dawa. Ruhusa ya dawa hutoka kwa Bodi. Katiba ya mwaka 2010 iliyataja maduka ya dawa miongoni mwa mambo ya afya ya kaunti, na tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013 kumekuwa na mabishano juu ya nani akague nini. Mabishano hayo ni ya wakubwa. Wewe mwenye duka, usijifiche ndani yake. Karatasi zinazohitajika ni zote mbili.

Hali kadhalika duka la dawa za mifugo si duka la dawa za watu. Liko chini ya sheria nyingine, ya mwaka 2011. Nasikia wako wanaonunua huko sindano ya ng'ombe kwa ajili ya kidonda cha mtu, kwa kuwa ni rahisi na chupa ni kubwa. Kipimo cha ng'ombe wa kilo 300 hakikuandikwa kwa ajili ya mwanao, wala ninyi wauzaji wa huko hamkufundishwa kumpimia.

Ikiwa dawa imekudhuru, ngozi imewasha, mwili umevimba, au haikufanya kazi yoyote, usiitupe chupa chooni kwa hasira. Iweke pamoja na boksi lake, uirudishe pale ulipoinunua, nao wana wajibu wa kuiarifu Bodi. Au ipeleke katika hospitali ya Serikali iliyo karibu. Hapo ndipo namba ya toleo itakapofaa. Bila chupa na boksi, ni hadithi tu.

Nimalizie na wenye maduka. Usajili wa jengo huisha tarehe 31 Desemba. Kila mwaka wako wanaongoja mpaka Krismasi imepita, fedha zimekwisha kwa mbuzi na karo ya Januari yawasubiri, ndipo wakumbuke. Kisha mwezi wa pili mkaguzi huja, na hapo hakuna tena wa kumlaumu. Anzeni mwezi wa Novemba. Ikiwa mtaalamu wenu ameondoka katikati ya mwaka, iarifuni Bodi, wala msiliache jina lake ukutani likisimamia duka ambalo yeye mwenyewe hayumo.

Sasa ni zamu yenu kuuliza. Naomba waanze wale waliotoka Ishiara na Kiritiri, kwa sababu magari yao huondoka mapema.